Kupoza manifoldi ya ekzosti kwenye injini ya chombo: njia nne, na kinachoipasua kila moja

Manifoldi ya ekzosti, kipande cha chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hukaa kwenye wakati mgumu kuliko karibu kipuri kingine chochote cha injini ya ndani ya chombo. Ndani yake unapita moshi wa dizeli wenye joto la nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi injini inapovuta mzigo. Sentimita chache kutoka hapo kuna maji, au hewa ya bahari yenye chumvi. Ikipasuka, wengi hununua ya aina ileile na kuifunga palepale, kisha hushangaa ikipasuka tena, kumbe kilichoipasua ya kwanza hakijaguswa. Kabla ya kutoa fedha, amua kwanza manifoldi yako ipozwe kwa njia gani.

Njia zinazotumika ni nne: maji ya bahari yanayopita ndani yake moja kwa moja, kulanti (maji yenye dawa ya kuzuia kutu) inayozunguka na kupozwa na maji ya bahari kwenye kipozeo, kulanti inayopozwa kwenye mabomba yaliyofungwa mkukuni, chini ya chombo, na manifoldi kavu, isiyoguswa na maji kabisa. Zote hufanya kazi na zote hupasuka. Zinachotofautiana ni chanzo cha ufa, na kama wewe, mahali ulipo na kwa mafundi ulionao, unaweza kukizuia chanzo hicho.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia imepimwa kwa mambo manne yaleyale: inavyofanya kazi, inavyopasuka, matunzo inayodai, na chombo kinachoifaa. Bei za Mombasa si za Kigoma, kwa hiyo hakuna tarakimu za fedha hapa, ila mpangilio wa gharama hauyumbi sana. Maji ya bahari moja kwa moja ni nafuu siku ya kufunga na ghali miaka inavyosonga. Kipozeo kinakula fedha ya vipuri. Mkukuni gharama kubwa ni ya kazi, maana lazima chombo kipandishwe nchi kavu. Manifoldi kavu yenyewe ni ya bei nafuu, lakini bomba la moshi na mablanketi ya kuzuia joto huongeza hesabu.

Soma ufa kabla ya kutupa manifoldi ya zamani

Ioshe, ikaushe, uiweke juani. Ufa unaokatiza kati ya tundu la silinda moja na jingine, au unaoanzia kwenye shimo la bolti ya mwisho, unasema chuma kilitaka kutanuka kikazuiwa. Ufa ulio sehemu ya juu kabisa ya koti la maji (nafasi ya maji inayoizunguka njia ya moshi), wenye magamba meupe au ya kahawia ndani, unasema hapo palikuwa na hewa au mvuke badala ya maji. Ukiona ufa shingoni, pale tabo (turbo) au bomba la moshi linapofungwa, tafuta uzito uliokuwa unaning'inia bila kushikiliwa. Na kama si ufa bali ni tundu lenye kingo nyeusi laini, chukua kisu na ukwangue. Kisu kikizama kama kwenye risasi ya penseli, chumvi imeshakula chuma na kubakiza kaboni tu. Manifoldi ya namna hiyo huonekana nzima kwa nje hadi siku ya mwisho, na haichomeleki.

Kwa manifoldi yenye koti la maji, thibitisha kwa presha: ziba matundu yote, ingiza hewa ya bar 1, itumbukize majini au ipake povu la sabuni, uiache dakika 15. Ufa mwingine hufunguka chuma kikiwa cha moto tu, kwa hiyo pima tena kwa kutumia maji ya moto kabla ya kusema iko salama.

Njia ya 1: maji ya bahari moja kwa moja

*Inavyofanya kazi.* Pampu yenye impela ya mpira (gurudumu dogo la mabawa) huvuta maji kutoka baharini, huyapitisha kwenye injini na manifoldi, kisha huyamwaga kwenye elboo ya ekzosti (kiwiko cha bomba la moshi), yakatoka pamoja na moshi. Hakuna tangi wala kipozeo. Vipuri ni vichache, na fundi yeyote wa pwani anaielewa.

*Inavyopasuka.* Hapa adui ni wawili, na wanasaidiana. Kwanza ni kutu: chumvi hula ukuta wa chuma cha kasti kutoka ndani, na kutu yenyewe huvimba, ikajaza njia za maji. Pili ni chokaa. Maji ya bahari yakipashwa kupita nyuzi 55 hadi 60 huanza kugandisha magamba kwenye kuta. Ndiyo maana injini za njia hii hufungwa thamostati (vali inayofunguliwa na joto) ya nyuzi 60 hivi, wakati zile za kulanti hufika 77 hadi 82. Anayefunga thamostati ya gari, ya nyuzi 82, kwa kuwa imeingia vizuri, anaipika manifoldi yake taratibu. Njia ikishaziba upande mmoja, upande huo hauna maji tena. Chuma huko huwa cha moto sana na jirani yake kibaki cha baridi, kisha hupasuka kwenye mpaka wa hali hizo mbili.

Kisha kuna joto la ghafla. Karatasi ya plastiki inaziba mdomo wa kuvutia maji, injini inapanda joto, nahodha anaitoa plastiki na kuiwasha tena papo hapo. Maji ya nyuzi 28 yanakutana na kasti iliyopikwa. Kasti huvumilia kubanwa, lakini kunyooshwa kwa ghafla haikuwezi. Plastiki ikikuziba, zima injini, subiri hadi uweze kuuweka mkono juu ya manifoldi, ndipo uwashe.

*Matunzo.* Isuuze kwa maji matamu kila urudipo, dakika 10 hadi 15, injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma polepole bila mzigo. Mpangilio ni muhimu: washa injini kwanza ndipo ufungue mpira wa maji, funga mpira kwanza ndipo uzime injini. Ukikosea, maji hujaza sanduku la moshi na kurudi kwenye silinda. Ndivyo ilivyo pia injini ikikataa kuwaka: ukiendelea kupiga starta, funga vali ya kuingizia maji, maana pampu inajaza sanduku na hakuna moshi wa kuyasukuma nje.

Impela ibadilishwe kila mwaka au kila saa 200 hadi 300, lolote litakalotangulia. Penye tope, kama midomo ya Rufiji na Pangani, mapema zaidi. Ukikuta imekatika mabawa, usifunge mpya kabla hujayapata mabawa yote, kwani yamekwama mahali fulani mbele. Fungua elboo mara moja kwa mwaka, uangalie kwa tochi, upime ukuta ulipo mwembamba. Kwenye maji ya chumvi, ikifika mwaka wa 5 weka manifoldi mpya kando hata kama ya zamani haijavuja.

*Inamfaa nani.* Vyombo vya maziwa hasa. Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa ni maji matamu, na kasti huko hudumu miaka mingi kuliko pwani. Victoria, shida yako itakuwa gugu maji na mwani kwenye chujio. Tanganyika maji yake ni ya alkali, pH karibu 9, hivyo kaa na kasti; aluminiamu haipendi maji ya namna hiyo. Pwani, njia hii inamfaa mwenye injini ndogo, safari fupi, na bomba la maji matamu gatini.

Njia ya 2: kulanti na kipozeo

*Inavyofanya kazi.* Ndani ya injini na manifoldi huzunguka kulanti. Maji ya bahari huishia kwenye kipozeo, silinda yenye mirija ambamo yanachukua joto bila kugusana na kulanti, kisha humwagwa kwenye elboo. Kwa hiyo chumvi inabaki kwenye pampu, kipozeo na elboo tu.

Uliza jambo moja kabla ya kununua: je, manifoldi nayo iko kwenye kulanti? Kuna injini, hasa za petroli, ambazo bloku hupozwa kwa kulanti lakini manifoldi huachiwa maji ya bahari. Muuzaji atakwambia ina kipozeo, naye hakudanganyi, lakini manifoldi yako itazeeka kama ya njia ya 1.

*Inavyopasuka.* Mara nyingi kwa kulanti kupungua. Manifoldi huwa juu kuliko bloku, hivyo kiwango kikishuka ndiyo ya kwanza kukauka, na geji ya joto huenda isiseme kitu, kwa sababu kihisi chake kikizungukwa na mvuke badala ya maji hakisomi sawasawa. Mfuniko wa presha uliochoka huleta balaa hilohilo. Mfuniko mzuri wa bar 0.9 huyazuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Springi yake ikilegea, yanachemka mapema, yanamwagika, na manifoldi inabaki na mvuke.

Hewa iliyobaki wakati wa kujaza ni sababu nyingine. Jaza polepole, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya manifoldi hadi kulanti itoke bila mapovu, washa, iache ipate moto hadi thamostati ifunguke, zima, ipoe, kisha uongeze. Na usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka, hata kama abiria wanakuharakisha.

Elboo bado inakula chumvi. Ikitoboka ndani, maji ya bahari hurudi kwenye manifoldi na silinda, na mtu anailaumu manifoldi isiyo na kosa. Dalili za kutofautisha: kulanti ikipungua bila tone kuonekana nje, shuku manifoldi au gasketi ya silinda hedi, kulanti ikiwa kamili na bado kuna maji kwenye silinda, shuku elboo.

*Matunzo.* Kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, asilimia 30 hadi 50, ikichanganywa na maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya betri. Maji ya kisima yana chokaa. Hatuna barafu ya kuogopa, lakini dawa ya kutu tunaihitaji kuliko wenye barafu. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila miaka 2. Zinki ya kipozeo itoke ikiwa imebaki nusu. Ikiachwa imalizike, kinachofuata kuliwa ni kipozeo chenyewe. Impela kama njia ya 1. Kila mwaka fungua vifuniko vya kipozeo na upitishe fimbo nyembamba ya mbao kwenye mirija, usitumie chuma.

*Inamfaa nani.* Boti za abiria na za kitalii, boti za uvuvi wa mbali, chombo chochote cha pwani kinachofanya kazi kila siku na chenye mtu wa kuangalia kiwango cha kulanti kila asubuhi. Njia hii inaruhusu manifoldi ya aluminiamu baharini bila wasiwasi mkubwa, mradi kulanti ibadilishwe kwa wakati.

Njia ya 3: mabomba ya mkukuni

*Inavyofanya kazi.* Kulanti hupelekwa nje ya chombo, ikapita kwenye mabomba yaliyofungwa kando ya mkuku, ikapozwa na bahari yenyewe na kurudi. Hakuna pampu ya maji ya bahari, hakuna impela, hakuna chujio. Moshi kwa kawaida hutoka mkavu kupitia bomba la juu.

*Inavyopasuka.* Joto likizidi polepole. Chaza na uchafu unaoota juu ya mabomba hufanya kazi ya blanketi, na rangi nene ya kuzuia uchafu huo nayo vilevile. Paka tabaka jembamba au acha kabisa, kwa jinsi mtengenezaji alivyoagiza. Injini ikiongezwa nguvu bila kuongeza urefu wa mabomba, matokeo ni yaleyale. Kwa kuwa njia ya kulanti ni ndefu, hewa hupata pembe nyingi za kujificha, na pembe ya juu kuliko zote mara nyingi ni manifoldi. Bomba dogo la kutolea hewa litoke juu ya manifoldi na lipande mfululizo hadi kwenye tangi, bila kushuka popote. Tangi liachiwe nafasi: maji yakitoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo mfumo wa lita 60 unahitaji lita 2 na zaidi za kutanukia tu.

Pwani yetu ina hatari ya pekee kwa njia hii. Wakati wa bamvu maji hupwa mita 3 na zaidi, na vyombo vingi hupwelewa kwa makusudi ili kupakua. Mabomba yakizama kwenye mchanga hayapozi kitu, hivyo usiwashe injini kuchaji betri ukiwa umekaa chini. Na usiyaache yabebe uzito wa chombo. Yawekwe ubavuni mwa mkuku, juu ya mstari wa kukalia, na kinga ya mbao ngumu pande zote.

*Matunzo.* Machache, ila lazima chombo kipandishwe ili kukwangua mabomba. Kulanti ni nyingi, basi kuibadilisha ni ghali.

*Inamfaa nani.* Vyombo vya kazi vinavyopita penye tope, mikoko na majani, ambako impela haidumu, na vinavyopandishwa angalau mara moja kwa mwaka. Haimfai anayepwelewa mchangani kila siku.

Njia ya 4: manifoldi kavu

*Inavyofanya kazi.* Kasti tupu kama ya lori, moshi ukipanda kwenye bomba la wima. Majahazi mengi yaliyofungwa injini za lori yako hivi.

*Inavyopasuka.* Hesabu inaeleza vizuri. Kasti ya milimita 600 ikipanda nyuzi 400 hurefuka milimita 2.6 hivi. Silinda hedi iliyofungwa nayo imepanda nyuzi 60 tu, ikarefuka chini ya nusu milimita. Zaidi ya milimita 2 lazima zipate pa kwenda. Ndiyo maana mashimo ya bolti za pembeni huwa mapana kuliko ya katikati, na manifoldi ndefu hutengenezwa kwa vipande vinavyoteleza. Fundi anayeziba nafasi hiyo kwa bushi, au anayekaza bolti za mwisho kwa nguvu zote kwa kuwa moshi unapenya, amekata njia ya chuma kutanuka. Kikitanuka huminywa, kikipoa huvutwa, na baada ya mizunguko mingi hufunguka.

Uzito wa bomba ndio wa pili. Bomba la mita 3 likining'inia kwenye shingo ya manifoldi huku chombo kikilala mawimbini litaivunja tu. Lishikiliwe kwenye mbavu za chombo, na kati yake na manifoldi pawekwe kipande chenye mikunjo kinachonyumbulika. La tatu ni matone: mvua au maji ya deki yanayodondoka kwenye chuma cha nyuzi 500.

Tena kuna moto. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, hutaka sehemu zenye joto la kupita nyuzi 220 zinazoweza kurukiwa na mafuta zifunikwe, na hata jahazi lisilobanwa na kanuni hizo lina mpira wa dizeli karibu. Tumia blanketi la kuvuliwa, lililoachiwa nafasi kidogo, kuliko utepe uliozungushwa kwa kubana, kwa sababu utepe hupandisha joto la kasti yenyewe na kuficha ufa.

*Matunzo.* Angalia masizi meusi kwenye maungio kila wiki. Masizi huja kabla ya ufa kuonekana. Injini yenye tabo iache silensa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzima.

*Inamfaa nani.* Majahazi na vyombo vya mizigo vyenye chumba cha injini kikubwa, hewa ya kutosha na deki isiyovuja. Haifai boti iliyofunikwa yenye abiria juu ya injini.

Kufunga, kwa njia yoyote

Weka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi. Fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.20 ikipita, peleka ikasagwe. Ukiinyoosha kwa bolti umeipasua mwenyewe. Gasketi mpya, bila kuongezea silikoni. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ukianzia katikati kwenda nje, kwa raundi tatu: theluthi, theluthi mbili, kisha kipimo kamili cha kitabu cha injini. Bomba la moshi lifungwe mwisho, na uso wake ukutane na manifoldi kwa kusukumwa na mkono. Ukilazimika kulivuta kwa bolti, rekebisha bomba.

Kwa hali yako

Uko ziwani na injini ndogo: njia ya 1 inatosha, fedha iliyobaki nunulia chujio kubwa zaidi.

Uko pwani, unasafiri kila siku, una gati lenye maji matamu: njia ya 2. Kama huna mtu wa kuaminika wa kukagua kulanti, weka kengele ya kiwango cha kulanti pamoja na kengele ya joto la moshi kwenye elboo.

Unaingia mikokoni na mitoni: njia ya 3, mradi una pa kukipandisha chombo.

Jahazi la mizigo, injini ya lori, mafundi wa gari ndio ulio nao: baki na njia ya 4, ila rekebisha vishikizo vya bomba na paa linalovuja kabla ya kufunga manifoldi mpya.

Umekwama unasubiri kipuri: kasti kavu huchomeleka. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa, tumia fimbo ya nikeli, choma vipande vya sentimita 2 hadi 3, kila kimoja kigongwe kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto, kisha ifukie kwenye majivu makavu hadi ipoe yenyewe, usiku kucha. Ya koti la maji iliyoliwa na chumvi usiichomelee. Ukuta uliobaki hautashika, na maji yatakayopenya yataingia kwenye silinda. Kama yameshaingia, usipige starta. Toa nozeli zote, zungusha injini kwa mkono hadi maji yatoke, badilisha oili, na uiwashe siku hiyohiyo kabla kutu haijashika ringi.